Siku moja Bagamoyo, na sahihisho moja

Naandika haya nikiwa Kinampanda. Kwa ambao hamjawahi kufika, ni wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kule juu kwenye upepo ambako mwezi wa saba hata mtu mzima analala na sweta. Wengi wenu mnapajua kwa jina tu, kwa sababu ya chuo cha ualimu. Si ajabu mwalimu aliyekuchapa darasa la tatu alipita hapa. Nipo likizo, nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko la bibi, kuku wake wananidonoa kamba za viatu, na mwenyewe yuko ndani anapepeta mtama huku akinisema kwamba nimekonda.

Jana usiku bibi aliniambia jambo ambalo limenilazimu nikae niandike. Lakini siwezi kulisema bila kuwapeleka kwanza Bagamoyo, na kabla ya Bagamoyo ninayo dhambi moja ya kuungama.

Mwaka jana niliandika makala gazetini kuhusu biashara ya utumwa. Ilikuwa makala ya kawaida, ya kujaza ukurasa wa katikati. Ili ivutie nikaianza hivi: babu wa babu yangu aliuzwa utumwani Bagamoyo. Mhariri hakuigusa sentensi ile. Wasomaji wawili walinitumia ujumbe wa pole. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Mlimani alinipigia kusema imemtoa machozi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: umejuaje? Na mimi, ambaye kila siku ya Mungu nalipwa kuwauliza wakubwa swali hilo hilo, sikujiuliza.

Ukweli ni kwamba nilichokijua tangu utoto ni kidogo sana. Katika ukoo wetu yupo mtu ambaye jina lake halitajwi. Anaitwa tu "yule aliyekwenda pwani". Alikwenda, hakurudi. Basi. Hadithi nzima ya mtu mmoja inaisha kwa maneno mawili. Hayo mengine, minyororo, soko, jahazi, niliyaongeza mwenyewe, na nilishayaongeza zamani kiasi kwamba nilisahau kuwa ni yangu.

Kibaya zaidi, nilipoandika makala ile nilikuwa sijawahi kuitembelea Bagamoyo. Msicheke. Nilishafika kama mara nne, lakini waandishi wenzangu wa Dar wananielewa: tulifika kwenye semina. Unapanda gari la waandaaji, unaingia ukumbi wa hoteli, unasikiliza mada, unakula, unasaini posho, unarudi. Bahari unaiona dirishani. Mji wenyewe, ulio dakika chache kutoka ukumbini, huuoni.

Basi mwezi uliopita, Jumamosi moja, nikaamua kwenda kwa nauli yangu. Nilipanda Coaster pale Makumbusho saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga. Kama kilomita 70 hivi, lakini kwa foleni na kusimama kila mti, nilishuka saa tatu. Nikajiunga na kikundi kilichokuwa kinaanza ziara ya siku nzima na mwongozaji. Tulikuwa sita: kijana na mchumba wake kutoka Ujerumani, mwanafunzi wa chuo mwenye daftari, mama mmoja wa Kihindi wa Upanga aliyekuja na binti yake, na mimi.

Mwongozaji wetu, kaka wa makamo mwenye kofia ya ukindu, alituuliza kila mmoja katoka wapi. Nikasema Singida, Mnyiramba.

"Mnyiramba!" akapiga makofi. "Si ndugu wa Wanyamwezi hao? Mimi Mkwere. Karibu mtani, leo utanibebea begi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini wekeni akiba utani huo, nitaurudia.

Tulianza Kaole, kilomita chache kusini mwa mji. Ni magofu ya mji wa Waswahili wa kale, misikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, vilivyoanza kujengwa kama karne ya 13. Makaburi mengine yana nguzo, na kwenye nguzo kuna vishimo vya duara. Mwongozaji akatuuliza ni vya nini. Mwanafunzi akasema vya taa. Kumbe humo zilibandikwa bakuli za kauri kutoka China. Nilisimama pale kwa muda. Mtu amekufa katika kijiji cha pwani yetu, na wanaomlilia wanampambia kaburi kwa bakuli iliyosafiri kuvuka bahari nzima. Sisi tunadhani utandawazi umeletwa na simu.

Kutoka hapo tukaenda misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Pale kuna mnara wa kanisa la kwanza, na ndani ya kanisa hilo ulilazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Mwongozaji alieleza vizuri sana: alikufa Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, moyo ukazikwa huko huko, mwili ukakaushwa na kubebwa hadi pwani, ukavushwa Zanzibar, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London.

"Nani aliubeba?" nikauliza.

"Susi na Chuma," akajibu haraka. "Watumishi wake waaminifu."

"Na wengine?"

"Wengine walikuwa wengi tu."

Walikuwa wanaume na wanawake wapatao sitini. Walitembea miezi zaidi ya minane, karibu kilomita 2,000 na zaidi, wakiwa na maiti, na baadhi yao wakafa njiani. Sikumlaumu kaka wa watu. Hata mimi majina niliyokuwa nayo ni hayo mawili. Ila kuanzia hapo nikafanya kitu ambacho waandishi tukichoka na hotuba huwa tunafanya: nikagawa ukurasa wa daftari langu sehemu mbili. Upande mmoja nikaandika waliotajwa kwa majina, upande mwingine waliotajwa kwa wingi.

Upande wa majina ulijaa upesi. Burton na Speke, waliopita pwani hii mwaka 1857. Stanley, aliyeanzia hapa mwaka 1871 kumtafuta Livingstone. Wissmann. Abushiri bin Salim, aliyewatoa jasho Wajerumani mwaka 1888 na 1889 mpaka wakamnyonga Pangani mwezi Desemba. Hata Emin Pasha, aliyeletwa na Stanley akiwa hai salama kutoka bara mwezi Desemba 1889, akaandaliwa karamu na Wajerumani hapa hapa Bagamoyo, na usiku ule ule akaanguka kutoka ghorofani akapasuka kichwa. Alipona. Fikiria, mtu ameanguka dirishani baada ya karamu, na zaidi ya miaka mia moja baadaye tunalitaja jina lake mchana kweupe.

Upande wa pili niliandika maneno matatu: wapagazi, watumwa, wenyeji.

Saa sita tukawa kwenye jengo la zamani la misafara, lenye ua mkubwa. Hapa mwongozaji alibadilika. Nadhani ndipo anapopapenda. Akaeleza kwamba msafara ulikuwa kama kijiji kinachotembea. Mbele anakwenda kirangozi mwenye bendera na vazi la manyoya, nyuma ngoma, nyuma yake wanaume mamia wenye mizigo ya kilo kama 30 kila mmoja, na wanawake na watoto wakiwemo. Kutoka hapa hadi Tabora ilikuwa karibu miezi mitatu kwa mguu. Kwenda bara walibeba nguo, shanga na waya wa shaba, kurudi walibeba pembe za ndovu. Wakifika Ugogo wanamlipa mtemi hongo ndipo wapite na kunywa maji. Hongo wakati ule ilikuwa ushuru halali kabisa, jamani, si jambo la kupokelea chini ya meza. Na chakula cha kila siku cha mpagazi kiliitwa posho.

Posho! Nikajicheka peke yangu. Mimi niliyekuja mji huu mara nne kufuata posho.

Na baada ya Ugogo? Baada ya Ugogo kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la siku nyingi lenye maji ya shida, ambamo watu walikufa kwa kiu, njaa na ndui. Sehemu kubwa ya Mgunda Mkali leo ipo mkoani kwetu, pande za Manyoni na Itigi. Nimepita huko kwa basi nikiwa nimelala, mdomo wazi.

Jambo lililonikamata zaidi ni hili: wengi wa watu wale walikuwa watu wa kulipwa. Wanyamwezi, Wasukuma na majirani zao walijiandikisha kwa hiari, walijadiliana mshahara, na wakionewa waliweka mizigo chini wakagoma. Kwa vijana wengi wa Unyamwezi, kwenda pwani na kurudi ndiyo ilikuwa jando yao. Ambaye hajaiona bahari alihesabika bado mtoto. Nikauliza swali la kitoto: sasa kwa nini tunasema Bagamoyo ni mji wa watumwa?

Mwongozaji akavua kofia, akajifuta jasho. "Jina lenyewe, mtani. Bwaga moyo. Wengine wanasema ni mtumwa aliyefika hapa akaona bahari, akajua harudi tena, akaubwaga moyo wake. Wengine wanasema ni mpagazi, amefika, ametua mzigo, moyo wake umepumzika. Zote mbili zinasemwa."

"Wewe unasema ipi?"

Akanitazama kidogo. "Nasema zote mbili. Lakini wageni ya kwanza wanaiandika. Ya pili wananiuliza chakula saa ngapi."

Nisieleweke vibaya. Utumwa ulikuwepo Bagamoyo, na ulikuwa ukatili. Misheni ile ile ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa, na siyo hadithi. Watumwa walibeba pembe, walilima mashamba ya hapa, walivushwa Zanzibar. Lakini bandari kubwa ya kusafirisha watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo zaidi ilikuwa bandari ya pembe, na pembe ilitembea kwenye mabega ya watu wengi waliokuwa na mkataba. Ukimfanya kila mweusi aliyetembea njia ile kuwa mtumwa, unamnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho: kwamba aliamua.

Mchana tulikula samaki wa kukaanga na ndizi pale sokoni ufukweni, kisha tukaingia Mtaa wa India. Hapa ndipo mama wa Upanga alipoamka. Asubuhi yote alikuwa kimya, anatembea na mwavuli wake na binti yake anamshika mkono. Kufika mtaa ule akaanza kutangulia mbele, sisi nyuma. Mtaa una nyumba za ghorofa zilizochakaa, nyingine zimekarabatiwa, nyingine zimebaki kuta na miti imeota ndani. Milango ya kuchonga bado ipo kwenye baadhi yake, ile ya njumu za shaba.

"Shikamoo mama," nikamsogelea. "Unatafuta nyumba?"

"Marahaba mwanangu. Natafuta duka. Babu yake babu yangu alikuwa na duka la nguo mtaa huu. Walitoka Kachchh, kwa jahazi, na upepo wa kaskazi. Mpaka jina la jahazi tunalo. Duka hatujui lilikuwa lipi."

Tukawa tunatafuta pamoja. Alinifundisha mengi yule mama kuliko vibao vyote vya njiani. Kwamba bidhaa kuu ya Wahindi hapa ilikuwa nguo. Kwamba merekani, kitambaa kile cha pamba, kinaitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani kweli, viwanda vya Massachusetts, mpaka vita vyao vya 1861 hadi 1865 vikavuruga biashara na viwanda vya Bombay vikaingia. Kwamba kaniki ilitoka kwao India. Kwamba pembe zetu nyingi zilikwenda Bombay, na huko zilichongwa bangili za maharusi, nyingine zikaendelea hadi Ulaya na Marekani kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi.

"Bibi yangu alikuwa nazo," akasema. "Bangili nyeupe. Hatukuwahi kufikiri zimebebwa na nani."

Na Wahindi hawa hawakuwa wauza duka tu. Ndio waliokopesha misafara. Anayetaka kwenda bara anachukua mali kwa mkopo, akirudi na pembe analipa na riba. Mkubwa wao hapa alikuwa Sewa Haji Paroo, Mwismailia, aliyezaliwa mwaka 1851. Yeye aliuza vifaa vya safari na alitafuta wapagazi kwa ajili ya wazungu wanaokwenda bara. Stanley alipofika mwaka 1871 alimkuta kijana wa miaka kama 20 tu, na katika kitabu chake amemlalamikia kurasa kadhaa kuhusu bei na ujanja wa kuhesabu wapagazi. Baadaye utajiri ule aliutoa: jengo la shule hapa Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe kwa rangi, na fedha za hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897.

Sasa wewe wa Dar unayesoma hapa, jina Sewa Haji hulijui? Unalijua sana. Umeshabeba uji kwenye chupa ya chai, ukabishana na mlinzi getini Muhimbili, ukamwambia mgonjwa wangu yupo Sewahaji. Ni yeye. Mimi nimelala kwenye benchi nje ya wodi ile siku tatu nikimuuguza binamu yangu, na nilidhani ni jina la daktari.

Duka la mama hatukulipata. Tulipata nyumba tatu ambazo zote zingeweza kuwa. Akachagua moja yenye mlango wa bluu, akasema basi itakuwa hii, binti akampiga picha. Halafu akaniuliza na mimi natafuta nini. Nikamwambia habari ya yule wetu aliyekwenda pwani.

Akanyamaza, kisha akasema kitu ambacho bado ninacho kichwani: "Babu zangu waliandika kila kitu kwenye daftari, Kigujarati. Fulani amechukua vipande vitano, fulani anadaiwa. Labda babu yako alikuwemo kwenye daftari la babu yangu. Na daftari lililiwa na mchwa zamani."

Tukacheka, lakini si sana.

Jioni tulimalizia ufukweni, karibu na forodha ya zamani. Maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu kwenye matope. Mwongozaji akaeleza kwamba kina hiki kifupi ndicho kilichoua mji: kwa majahazi kilitosha, kwa meli kubwa hapana. Wajerumani walianzia utawala wao hapa, lakini mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwenye bandari ya kina. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa njia ile ikaisha. Baada ya hapo mji ukabaki na milango yake.

Nikakaa kwenye mchanga nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya makala. Babu yangu alizaliwa karibu mwaka 1935. Baba yake alikuwa tumboni pale "yule" alipokwenda pwani, hilo ukoo mzima unakubaliana. Kwa hiyo safari ile ilikuwa miaka ya 1890, mwishoni. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Wajerumani walishakaa Bagamoyo. Sikuweza kuthibitisha kwamba hakukamatwa na mtu, njia ilikuwa ndefu na mambo ya gizani hayakuisha kwa amri. Lakini jahazi langu, soko langu, minyororo yangu, vilikuwa vimechelewa miaka ishirini na zaidi. Nilikuwa nimeandika uongo wenye machozi.

Kabla hatujaachana, mwongozaji alinipa mkono. "Mtani, unajua kwa nini sisi na watu wa bara huko ni watani? Ni misafara hii. Walipita kwetu miaka na miaka, wengine wakafa mikononi mwetu tukawazika, wengine wakaoa wakabaki. Ndugu zako wapo hapa, ila sasa wanaitwa Waswahili."

Nilirudi na Coaster ya saa kumi na mbili. Kijana aliyeniuzia samaki mchana alikuwa na masikio kama ya baba yangu. Najua, najua. Mwandishi akishikwa na kitu huanza kuona masikio.

Sasa turudi hapa Kinampanda.

Jana baada ya kula nilimuuliza bibi. Nilimuuliza kama ninavyouliza kazini, bila kumwekea jibu mdomoni. Nikasema, bibi, yule aliyekwenda pwani, alikwendaje?

"Alikwenda kwa miguu," akasema. "Ulidhani kulikuwa na basi?"

"Nilidhani alikamatwa."

Bibi akaacha kuchokoa moto. "Nani kasema alikamatwa?"

"Si ndivyo inavyosemwa?"

"Na nani?"

Nikatafuta. Jamani, nilitafuta kweli. Baba? Hapana, baba hapendi habari hizo. Babu? Alifariki nikiwa mdogo. Nikagundua kuwa sauti inayosema alikamatwa ni ya kitabu cha historia cha shule ya msingi, chenye picha ya watu waliofungwa shingo kwa shingo. Niliiona ile picha darasani, nikamweka yule wetu ndani yake, nikafunga kitabu.

Bibi akaendelea, kwa Kinyiramba, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Alisimuliwa na mama mkwe wake alipoolewa, naye mama mkwe alisimuliwa na mke mwenyewe aliyeachwa. Kwamba mwanamume yule aliona wenzake wa jirani wakirudi na nguo. Kwamba hapa kwetu wakati ule watu walivaa ngozi. Mkewe alikuwa mjamzito. Akasema anakwenda pwani na wenzake, atarudi na nguo ya kumbebea mtoto.

"Mtoto akazaliwa," bibi akasema, "wakambeba kwa ngozi ya mbuzi. Mama yake alikataa nguo maisha yake yote mpaka kanisa lilipokuja."

Sikuwa na swali jingine. Moto ukawa unapukutika. Bibi akaniambia kalale, mume wangu, unakaa kaa kama mganga.

Kwa hiyo hakuuzwa, kwa kadiri ya anayejua kuliko mimi. Alikwenda kutafuta kipande cha merekani au kaniki katika mtaa ule ule niliotembea na mama wa Upanga tukitafuta duka. Labda alifika, akabwaga mzigo, akalipwa. Labda aliishia Mgunda Mkali, mchana mmoja tu wa basi kutoka kwake. Labda ana wajukuu wanaokaanga samaki. Ni "labda" tatu, na sitachagua moja. Nilishachagua mara moja nikaharibu.

Magazeti yana kona ndogo ya masahihisho, chini kabisa ya ukurasa wa pili, kwa herufi ambazo hata mhariri hazisomi. Nikirudi Dar nitaomba nafasi humo, kama watanipa baada ya mwaka mzima. Wasiponipa, lisomeni hapa.

Katika makala yangu ya mwaka jana niliandika kwamba babu wa babu yangu aliuzwa utumwani Bagamoyo. Si kweli. Alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, kutafuta nguo ya mtoto. Jina lake nimeambiwa jana na nimeliandika kwenye daftari langu, upande wa waliotajwa kwa majina. Hapa silitaji, bibi amekataa. Anasema halijazoea kutembea.